Kidole Kimoja, Mistari Arobaini na Miwili

"Mama Emérence, kuja uone kitu."

Mkaguzi Nadine hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtia Emérence wasiwasi. Kabla ya kukalia kiti cha ofisi, Emérence alikuwa ameuza maharage sokoni Kibabi kwa miaka tisa, na huko mteja aliyekuta mawe ndani ya gunia hakupiga kelele. Alikuita kwa upole, na wewe ukajua kwamba bei yako imekwisha kuanguka.

Alitua thermos ya chai, akaenda.

Mezani palikuwa na listi za malipo ya Itebero. Kituo chao cha utafiti, chenye ofisi hapa Masisi, kilikuwa kikijaribu mbegu za maharage kule Nyamitaba na mihogo isiyooza mizizi kule Itebero, ndani ya msitu wa Walikale. Wakulima arobaini na wawili wa Itebero walikuwa wametoa kila mmoja kipande cha shamba kwa ajili ya majaribio, na kila msimu Kituo kiliwalipa fidia ya dola kumi na tano. Simu hazishiki huko, kwa hiyo pesa ilisafiri na dereva wa Kituo hadi kwa Gustave, mtumishi wao aliyeishi hukohuko. Gustave aligawa, wakulima wakaweka alama ya kidole gumba, listi ikarudi Masisi. Kisha Emérence, mkuu wa idara ya hesabu, akaandika chini yake: imeonwa, imekubaliwa. Sahihi. Muhuri.

Nadine alikuwa amepiga picha ya listi kwa simu na kuikuza. Alisogeza kidole chake juu ya kioo.

"Hii kidole ni ya nani?"

"Ya mukulima."

"Iko na kovu. Unaliona? Linakata katikati. Na hii ya mustari wa pili?"

Emérence alivaa miwani. Kovu lilikuwa palepale. Mstari wa tatu, kovu. Mstari wa kumi na saba, kovu.

"Basi batu makumi ine na mbili ya Itebero walikatwa na panga moja, siku moja, pahali pamoja," Nadine alisema. "Musimu wa kwanza, majina ni mengine na vidole viko tofauti. Kisha misimu mitatu, kidole moja tu. Ni kama muntu alijaribu, akaona hakuna anayeangalia, akaendelea. Mama, mimi ninaandika ripoti Ijumaa."

Leo ilikuwa Jumanne. Nadine alitumwa kutoka Bukavu na ofisi ya ukaguzi ambayo wafadhili waliichagua wenyewe. Hakuwa amefikisha miaka thelathini na mitano, na kwa siku nne alizokaa hapa alikuwa amekataa soda, akakataa mbuzi, akakataa hata lifti ya kwenda kanisani. Emérence alimheshimu kwa hilo, kwa namna mtu anavyomheshimu mnunuzi anayekuja na mizani yake.

Ripoti ingesema nini, alilijua bila kuuliza. Jina la Gustave lingeandikwa kama mwizi wa dola elfu moja mia nane na tisini. Mashamba ya Itebero yangefungwa. Na chini ya kila listi palikuwa na sahihi nzuri, yenye mkia mrefu, ambayo haikuwa ya Gustave. Hakuna mahali Kivu nzima ambapo mwanamke wa miaka hamsini na mmoja angepewa tena ufunguo wa sanduku la pesa baada ya jina lake kupelekwa kwa wafadhili.

Kwenye meza ya pembeni, Byukusenge, msaidizi wake wa hesabu, hakuinua macho kutoka kwenye kikokotoo. "Mimi nilisema kitambo," alinong'ona. "Huyo Gustave alinunua bati. Bati makumi mbili na ine, nilisikia kwa dereva. Kwa mushahara gani?"

"Byukusenge, hesabu mafuta ya pikipiki. Bati utahesabu kesho."

Lakini neno la bati lilimwingia kama mwiba.

Directeur Faustin alikuwa mtu wa mihogo. Angeweza kukueleza ugonjwa wa jani kwa saa mbili bila kunywa maji, lakini karatasi alizitia sahihi huku akiangalia dirishani. Aliposikia habari alifunga mlango.

"Mama Emérence, tuko na wafanyakazi wangapi humu ndani?"

"Kumi na saba, Papa Directeur."

"Na pale sokoni wanawake hawakosi. Saa moja tu. Listi mupya, vidole makumi ine na mbili, kila moja na sura yake. Tunamwambia huyu dada kwamba ile aliyoona ilikuwa brouillon, karatasi ya kujaribia tu, ile safi ilibaki kwa kabati."

Emérence hakushtuka. Alipima lile wazo kama alivyopima gunia, akilinyanyua kidogo kutoka chini ili aone uzito wake. Kwa siku ya leo lilikuwa rahisi. Halafu akaliacha.

"Papa, kila kidole iko na mudomo. Nikikopa vidole makumi ine na mbili leo, kesho midomo makumi ine na mbili itakuja kuniomba chumvi. Keshokutwa sukari. Krismasi itakuja kuomba nguo. Nitailipa mpaka nife, na wewe pia utailipa."

"Basi unafanya nini?"

"Sijui kama Gustave alikula ao hakula. Na siwezi kupatana bei ya kitu sijaona."

Alirudi kwa Nadine, akavuta kiti, akaketi karibu. Hivyo ndivyo alivyokaa sokoni alipotaka kuuza.

"Dada Nadine, nipe wiki mbili."

"Ijumaa, Mama."

"Itebero iko mbali. Mvua inanyesha. Ijumaa nitakuwa bado ninasukuma pikipiki huko Nyabiondo. Siku kumi."

"Hata nikikupa mwezi, utaniletea nini? Barua ya Gustave? Gustave anajua kuandika barua."

"Umesema kweli. Nikienda peke yangu nitarudi na hadithi, na hadithi yangu utainunua bei gani?" Emérence alisogeza kiti karibu zaidi, bei yake ikakomaa. "Twende wote wawili. Siku nane. Ukiona wizi, unauandika palepale na kalamu yako, mimi nakushikia mwavuli."

Nadine alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu afike alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Siku saba. Jumanne saa sita mchana, ripoti inaenda, na kitu chochote tutakachokuwa nacho. Na listi zinabaki mikononi mwangu."

"Saba," alisema Emérence. Alikuwa ametaka sita tu.

Waliondoka alfajiri na mapema, pikipiki mbili, madereva wawili wa Masisi ambao hawakuwa na ndugu Walikale. Emérence aliwachagua kwa sababu hiyo hasa. Njia iliwakula. Mahali pengine walishuka wakatembea kwenye matope yaliyofika magotini, wakishika kofia za pikipiki mkononi kama vikapu. Nadine hakulalamika hata mara moja. Alibeba mfuko wa listi za ile misimu mitatu kifuani, chini ya koti la mvua, kama mama anayenyonyesha.

Siku ya pili, mchana, walikuta barieri kwenye daraja la miti. Kamba, gogo, na vijana watano wenye bunduki. Emérence alishuka wa kwanza, akasalimia wa kwanza, akacheka wa kwanza.

"Bana Papa, mvua inawachapa vilevile kama inavyotuchapa!"

"Shusha mizigo, Mama," alisema mmoja wao.

"Mizigo gani? Mihogo ya kavu na nguo za wamama. Tupatane kitu kidogo ya kahawa, tuende."

Wengine wangekubali. Huyu hakukubali. Alimvua Nadine koti, akatoa mfuko, akamimina karatasi juu ya gogo. Kijana mmoja aliyejua kusoma aliinama.

"Itebero," alisoma. "Kumi na tano dola. Kumi na tano dola. Kumi na tano..." Aliinua kichwa. "Chef! Hapa iko batu makumi ine na mbili wa Itebero wanaokula dola!"

Ndipo Emérence alipoelewa. Miaka yote aliyotia sahihi zile karatasi, aliziona kama karatasi za kabati. Kumbe njiani zilikuwa kitu kingine. Zilisema nani anakaa wapi, nani amepata kiasi gani, na zilisema kwa mpangilio, kwa mistari safi iliyochapwa na kompyuta ya ofisi yake. Angetaka kuwatengenezea hawa vijana daftari la kodi, asingeweza kuwatengenezea zuri zaidi ya hilo. Alimwona Nadine pia amelielewa.

Mkubwa wao alikuja polepole, mtu wa makamo mwenye ndevu. "Mimi ni wa Itebero kwa mama yangu," alisema. "Lete."

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mto ulipiga kelele chini ya daraja. Alifika mstari wa tano, akakunja uso. Mstari wa tisa, akatikisa kichwa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumbo, mpaka bunduki ikamteleza begani.

"Kibira alikufa mimi ningali kwa mugongo ya mama. Huyu Mungazi ni babu ya babu. Huyu tulimwimba matanga, mifupa yake imekwisha kuoza! Weye Mama, serikali yenu iko nalipa wafu?"

Emérence hakuelewa kitu, lakini kinywa chake kilikuwa na mazoea ya kutangulia. "Papa, wakubwa ndio wanaandika. Sisi tunabeba tu. Nasikia wafu hawalalamiki."

Vijana waliangua kicheko. Mwenye ndevu alimtupia Nadine karatasi zikaanguka topeni. "Pita. Wafu siwezi kuwatoza. Nyinyi benye kuwa wazima, faranga elfu tano kila muntu."

Emérence alimshusha mpaka elfu tatu, kwa sababu mtu asiyebisha bei njiani anatiliwa shaka.

Walipofika mlimani, mbali na daraja, Nadine alimwambia dereva asimame. Alitoa karatasi, akapangusa matope kwa kitambaa cha kichwa. Sauti yake ilikuwa baridi kabisa.

"Kwa hiyo sasa ni wafu makumi ine na mbili wenye kidole moja."

Emérence alimpokea karatasi moja, akatazama mstari wa Kibira.

"Ninaweza kuandika hapahapa, Mama. Hatuhitaji kufika."

Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, Emérence mwenyewe aliamini kwamba Gustave alikula. Wafu! Hata wezi wa Goma waliobobea huandika majina ya jirani zao walio hai. Alifikiria bati ishirini na nne. Alifikiria jinsi angemwacha Gustave aanguke peke yake: alidanganywa, Itebero iko mbali, listi ilikuwa na vidole, nani anaangalia vidole? Maneno yalikuwa tayari ulimini. Alichotakiwa kufanya ni kuyatoa tu, sasa, kabla Nadine hajatulia.

"Bado siku tano," alisema. "Tulipatana saba. Mimi sijawahi kuvunja bei iliyokwisha kupatanwa."

Waliingia Itebero siku ya tatu baada ya saa sita. Gustave alitoka mbio nyumbani kwake, mtu mwembamba mwenye buti za mpira, uso wote meno.

"Mama Emérence mwenyewe! Karibuni, karibuni! Mumeleta ya musimu huu?"

Emérence hakumpa mkono. Aliangalia paa la nyumba yake. Lilikuwa la majani, na lilikuwa na tundu.

"Gustave, hii kidole ni ya nani?"

Gustave aliangalia karatasi, na hakubadilika uso hata kidogo, kama aliyeulizwa jina la mto. "Ya Mama Léontine. Njo mwenye kushika likelemba yetu hapa. Kila muntu anaweka pesa kwake, anatoa kwake. Pesa ikifika, nampa yeye mbele ya wote, yeye anagawa. Karatasi yenu inaomba kidole kwa kila mustari. Aliweka kwa kila mustari. Siku ile mukono ulimuuma sana."

"Na majina? Haya ni majina ya wafu!"

"Hapana. Ni majina ya mashamba." Alishangaa kwamba anaulizwa. "Hapa kwetu shamba linaitwa na jina la yule aliyekata musitu wa kwanza. Hata akifa, shamba linabaki Kibira, linabaki Mungazi. Karatasi yenu inasema fidia ya shamba, niliandika mashamba."

"Musimu wa kwanza uliandika watu," Nadine alidakia. "Vidole vilikuwa tofauti."

Uso wa Gustave ulijifunga. "Niliandika batu, ndiyo. Dereva wenu alisimamishwa kwenye daraja akirudi na listi. Hawakuchukua listi. Balikaa chini, banaandika majina kwa daftari yao, kisha banamrudishia vizuri. Kisha juma moja, balikuja hapa, nyumba kwa nyumba, banaita kwa jina. Kila muntu alitoa zile dola na mbuzi juu yake. Mumoja alipigwa, akakimbia na familia yake mpaka leo. Batu walisema: tukiandika tena kidole yetu kwa karatasi, weye Gustave njo utakula mihogo yenu ya majaribio peke yako."

"Kwa nini hukutuambia?" Emérence alisikia sauti yake ikipanda. "Maneno kama haya, kwa nini hukuandika?"

"Niliandika, Mama. Musimu wa pili, wa tatu na wa ine. Kwa ripoti ya mihogo, pale mwisho panaposema matatizo ya kazi."

Ripoti za mihogo zilikaa kwenye kabati la kijani, hatua mbili kutoka kiti cha Emérence. Watafiti walizifungua kutafuta uzito wa mizizi. Watu wa hesabu hawakuzifungua kabisa.

Nadine aligonga kioo cha simu yake kwa kidole, tak, tak, akifikiri. "Maneno mazuri. Lakini muntu aliyekuwa na miaka miwili ya kutunga anaweza kutunga mazuri kuliko haya. Mimi ninataka kitu kinachoshikika."

"Kila kipande kina kijiti na namba," Emérence alisema. "Namba ziko kwa listi. Chagua namba unayotaka, usituambie. Nenda na dereva, yeye hana ndugu hapa. Uliza mwenye shamba: hapa panaitwaje, ulipata ngapi, mara ngapi, kwa mukono wa nani. Mimi nabaki na Gustave na huyu Mama Léontine. Hakuna atakayetoka mbele ya macho yangu kwenda kumfundisha muntu."

Nadine alikwenda.

Mama Léontine aliitwa. Alikuja na kisu na sinia la sombe, akakaa juu ya kigogo mbele ya kile cha Emérence, akaendelea kukata majani ya mihogo. Alikuwa mwanamke mkavu wa miaka sitini na zaidi. Kovu lilikuwepo kwenye gumba la kulia, jeupe, limekata katikati.

Muda ulipita. Mvua ilikuja ikaondoka. Gustave alijaribu kusema kitu, Emérence akamwambia anyamaze.

"Weye njo unatia sahihi kule Masisi?" Léontine aliuliza bila kuinua macho.

"Ni mimi."

"Sahihi yenye mukia murefu. Gustave alinionyesha." Kisu kilikata, kilikata. "Mimi niliweka kidole kwa batu ninaowajua tangu utotoni. Weye uliweka sahihi kwa batu ambao hujaona hata kisigino chao. Na leo unakuja kunichunga mimi kama mwizi. Sawa. Kaa tu. Kigogo ni cha bure."

Emérence alikuwa na majibu mengi ya soko, akayaacha hukohuko sokoni. Alikaa.

Nadine alirudi jua likishuka kwenye miti, ameloa mpaka kiunoni. Hakuketi.

"Nimeona mashamba makumi mbili. Kumi na tisa, majibu ni sawasawa. Jina la shamba, dola kumi na tano, mara tatu kwa mukono wa Mama Léontine." Alivuta pumzi. "La makumi mbili ni pori. Namba makumi mbili na saba. Jirani anasema mwenyewe alikimbia kitambo. Lakini kwa listi amelipwa musimu wa pili, wa tatu, wa ine. Dola makumi ine na tano kwa muntu ambaye hayuko."

Kila mtu alimgeukia Léontine. Kisu kilisimama.

Emérence alijua hesabu hii. Kumi na tisa safi hazifuti moja chafu, na Nadine angeandika hiyo moja kwa herufi nene. Aliuliza taratibu, kwa sababu sauti nyingine yoyote ingekuwa hukumu. "Mama Léontine, zile makumi ine na tano ziko wapi?"

Mama mzee aliweka sinia chini, akapangusa mikono, akaingia nyumbani. Alikaa humo muda mrefu hata Nadine akaanza kufungua kalamu. Alipotoka alikuwa na kopo la maziwa ya unga, lenye kutu. Alilifungua kwa kisu. Ndani palikuwa na vifurushi vitatu vya plastiki, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya mgomba na fundo lake.

"Musimu wa pili," alisema, akiweka kwenye mkono wa Nadine. "Wa tatu. Wa ine."

Nadine alifungua. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na tano.

"Kwa nini hukuwapa ndugu zake?"

"Hajakufa. Siku akifa nitampa mutoto wake. Akirudi, ataniuliza, nitamjibu nini? Hapa si Masisi, hapa batu banaulizana."

Nadine alishika vile vifurushi, akavigeuzageuza. Emérence alimwacha. Akiona mnunuzi amekwisha kushika mali, muuzaji mwenye akili hafungui kinywa. Lakini baada ya kitambo alisema kitu kimoja, kwa sababu kilikuwa kweli.

"Kama mimi ningekuwa mwizi, ningeanza na hizi. Nani angeniuliza?"

"Ndiyo," Nadine alisema polepole. "Mimi pia ningeanza na hizi." Alifunga kila kifurushi tena, fundo kwa fundo, akakirudisha ndani ya kopo.

Usiku huo walilala kwa Gustave, ndoo ikiwa chini ya tundu la paa. Asubuhi walikaa kwenye meza ya mbao kupatana, mkaguzi upande mmoja, mkuu wa hesabu upande wa pili, na Gustave mlangoni akijifanya anatengeneza buti kwa nyundo.

"Malipo yalifika," Nadine alisema. "Hilo nitaliandika. Lakini utaratibu ulivunjwa misimu mitatu, na kosa la utaratibu lazima liwe na jina. Ama ni aliyejaza karatasi vibaya, ama ni aliyeikubali bila kuiangalia."

Buti lilinyamaza mlangoni.

Emérence alipiga hesabu yake kavu. Akimtoa Gustave, yeye atabaki na sahihi yake, na Itebero itabaki bila mtu anayejua jina la shamba hata moja. Msimu ujao listi itakuja na vidole arobaini na viwili vizuri, na watu arobaini na wawili watatozwa tena kwa listi hiyo. Tena Gustave alikuwa ameandika mara tatu. Hasara ilikuwa wazi iko upande gani.

"Andika langu."

"Miezi sita bila sahihi, na barua ya onyo ndani ya dosie yako ya kazi."

"Miwili."

"Mama, hii si maharage. Mitano."

"Mitatu, na ninakupa utaratibu mupya leo, mbele ya macho yako. Listi inayosafiri ina namba za mashamba tu, haina jina la muntu, haina jina la shamba. Vidole viwili: cha Mama Léontine na cha mukulima mwingine atakayechaguliwa na wenzake. Majina ya kweli yanabaki hapa ndani ya kopo lake, na mukaguzi akitaka kuyaona, avae buti kama wewe. Na kila ripoti ya mihogo inapita kwanza kwa meza ya hesabu."

Nadine aliandika, akafuta, akaandika. "Mine."

"Mine," Emérence alisema, na wakashikana mikono. Mlangoni Gustave alianza tena kupiga buti lake kwa nyundo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Weye Gustave!" Emérence alimwita. "Na zile bati makumi mbili na ine?"

"Za stoo ya mihogo ya Kituo, Mama. Iko nyuma ya kanisa. Facture ya duka mulisaini wenyewe."

Jumanne saa tano na nusu walifika Masisi, matope mpaka kwenye nyusi. Saa sita kamili ripoti iliondoka. Emérence hakunawa kwanza. Alifungua kabati la kijani, akatoa ripoti tatu za mihogo, akaziweka mezani kwa Byukusenge.

"Soma. Kutoka ukurasa wa mwisho."

"Na mafuta ya pikipiki?"

"Ukimaliza, tafuta facture ya bati. Angalia sahihi ni ya nani, halafu kuja unionyeshe bila kunong'ona."

Listi ya msimu mpya ilirudi kutoka Itebero mwezi wa pili wa adhabu yake. Namba tupu, safi, na vidole viwili, kimoja chenye kovu. Emérence aliipitia kwa kioo cha kukuzia alichonunua kwa pesa yake mwenyewe, faranga elfu nane baada ya kuambiwa kumi na tano. Ilikuwa sawa. Kwa kuwa hakuwa na haki ya kuitia sahihi, aliipeleka kwa Papa Faustin.

Directeur alikuwa akiangalia dirishani. Alichukua kalamu, akaishusha kwenye karatasi.

Emérence aliweka kiganja juu ya mahali pa sahihi.

"Papa Directeur," alisema, akimsogezea kile kioo. "Kwanza vidole."